Kujifunza gari la manyuo ukiwa Tanga: kuanzia kiwanjani hadi kwenye kona za Soni

Tanga mjini ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa kila mtaa. Kwa anayejifunza gari la manyuo, yaani la klachi na gia za kubadili kwa mkono, hiyo ni neema: gari likizima halirudi nyuma, unawasha upya na kujaribu tena bila kumgonga mtu. Lakini utambarare huo huo unaficha nusu ya kazi. Nimewaona vijana wanaoendesha vizuri kabisa kutoka Chumbageni hadi Kange, leseni wanayo mfukoni, halafu siku ya kwanza wanapanda Lushoto gari linawashinda kwenye mlima. Hawajawahi hata siku moja kuondoa gari kwa hendibreki. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilijifunzia kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ya mjomba wangu, aliyokuwa akishushia machungwa kutoka Muheza. Sasa namfundisha binti wa dada yangu, na mpangilio ulio hapa ndio ninaomfundishia. Usiruke hatua. Kila moja inaibeba inayofuata.

Kabla ya kuwasha

Uwe umetimiza miaka 18, na uwe na leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena. Gari libandikwe herufi L mbele na nyuma, na pembeni yako akae dereva mwenye leseni. Ukiweza kulipia, siku za mwanzo zichukulie chuo cha udereva, kwa sababu magari mengi ya vyuoni yana breki upande wa mwalimu pia. Baada ya hapo mazoezi ya nyumbani na mjomba, kaka au shangazi yanaisaidia mikono kuzoea, lakini hayachukui nafasi ya chuo, maana ndugu wengi wanajua kuendesha bila kujua kueleza.

Viatu. Hili ninalisisitiza kwa sababu ni jambo la hatari na watu wanalidharau. Kandambili haziendeshi gari. Zinachomoka, zinajikunja, zinaingia chini ya breki. Vaa kiatu cha soli nyembamba kilichofunga kisigino. Kama umevaa baibui au gauni refu, upindo uwe juu ya kifundo cha mguu kabla ya kukaa, usije ukanasa kwenye pedali.

Kaa karibu kiasi kwamba ukikanyaga klachi hadi chini kabisa, goti la kushoto bado limekunjika kidogo. Mwanafunzi aliyekaa mbali hafikishi klachi chini, na klachi isiyofika chini ndiyo inayofanya gia zikwaruze. Yeye analaumu gia, kumbe ni kiti. Halafu rekebisha vioo, funga mkanda.

Pedali tatu, kutoka kushoto: klachi, breki, mafuta. Mguu wa kushoto ni wa klachi peke yake. Mguu wa kulia unahama kati ya breki na mafuta, kisigino kikiwa sakafuni.

Klachi inafanya nini hasa

Injini ikishawaka haiachi kuzunguka. Magurudumu ndiyo yanayosimama na kwenda. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu katikati cha kuviunganisha na kuviachanisha, na kitu hicho ni klachi: pleti iliyobanwa na springi dhidi ya gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Ukikanyaga pedali, pleti inaachana na lile gurudumu, injini inazunguka peke yake. Ukiirudisha pedali juu, pleti inabanwa tena, nguvu inapita kwenye giaboksi na kufika magurudumuni.

Kati ya kuachana na kubanwa kabisa kuna eneo dogo, pengine upana wa vidole viwili vya mwendo wa pedali, ambapo pleti inateleza huku inaanza kushika. Mafundi wakisema klachi ya gari hili inashika juu au inashika chini, wanazungumzia eneo hilo. Kila gari lina pake. Kazi yako ya wiki ya kwanza ni kupajua kwa mguu, bila kutazama, kama unavyoijua swichi ya taa ya chumbani kwako gizani.

Hatua ya kwanza: gia, injini ikiwa imezimwa

Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia, kwa hiyo gia ni za mkono wa kushoto. Juu ya kirungu cha gia kuna mchoro. Mara nyingi moja iko juu kushoto, mbili chini yake, tatu juu katikati, nne chini yake, tano juu kulia. Rivasi inatofautiana: kwenye gari moja iko chini kulia, kwenye jingine ni lazima usukumize kirungu chini au uvute pete ndogo kabla haijaingia. Usomee mchoro wa gari unalojifunzia.

Kanyaga klachi, ingiza moja, rudisha fri, ingiza mbili, na kuendelea. Fri ni pale katikati ambapo hakuna gia iliyoingia, na unaitambua kwa kutikisa kirungu kushoto na kulia: kikicheza kwa ulegevu, uko fri. Jizoeze kukitikisa kila mara kabla ya kuwasha gari. Gari lililoachwa kwenye gia likiwashwa bila klachi linaruka mbele, na mbele yake anaweza kuwepo mtoto.

Mkono usikabe kirungu. Kukipeleka tatu au nne, kiongoze kwa kiganja, kwani gia inarudi yenyewe katikati kwa springi. Wanaokikaba ndio wanaotoka mbili wakitaka tatu, wakajikuta kwenye moja.

Hatua ya pili: klachi bila mafuta

Tafuta kiwanja kikavu, tambarare, kisicho na watu. Asubuhi mapema ni wakati mzuri, kabla watoto hawajatoka kucheza mpira na jua halijawa kali.

Washa gari ukiwa umekanyaga klachi na breki. Ingiza moja. Toa hendibreki, halafu toa mguu kwenye breki. Sasa rudisha klachi polepole sana, mguu wa kulia ukikaa pembeni bila kugusa mafuta. Utafika mahali sauti ya injini inashuka, gari linatetemeka kidogo, linataka kwenda. Kwenye kirikuu injini iko chini ya viti, kwa hiyo mtetemo unaupata kwenye kiti kabla ya kuusikia masikioni. Simamisha mguu hapo hapo. Usiupandishe, usiushushe. Gari litaanza kutambaa. Hesabu hadi tatu, kanyaga klachi tena, kanyaga breki, simama.

Rudia mara 20. Rudia mara 30. Injini ndogo za petroli zitazima mara kadhaa, za dizeli zinavumilia zaidi. Kuzima si kosa la kuogopa, ni klachi inakuonyesha kwamba umepita pale inaposhika.

Hapa kuna neno linalowaponza wanafunzi wengi. Mwalimu anasema "achia klachi", na mwanafunzi, kwa kutii, anaiachia. Kitu kinachoachiwa kinaondoka chenyewe, na klachi ikiondoka yenyewe gari linaruka na kuzima. Mjomba wangu alikuwa haachi kunirekebisha: "Mwanangu, klachi haiachiwi, inarudishwa." Kurudisha ni tendo lenye mkono wako ndani yake hadi mwisho. Mimi tangu nianze kufundisha sijawahi kutumia neno achia ndani ya gari, na ninaona tofauti kwenye miguu ya mwanafunzi siku ile ile.

Hatua ya tatu: ongeza mafuta kidogo

Sasa kabla ya kurudisha klachi, gusa mafuta kidogo mpaka injini ipandishe sauti kiasi, kama mtu anayeanza kuimba taratibu, siyo kupiga makelele. Ishikilie sauti hiyo hiyo. Rudisha klachi hadi inaposhika, subiri gari lianze kwenda, endelea kuirudisha yote huku ukiongeza mafuta. Ukimaliza, mguu wa kushoto uondoke kabisa kwenye pedali na uwekwe sakafuni.

Ule muda wa kusubiri pale inaposhika, sekunde moja au mbili tu, ndio siri yote ya kuondoka laini. Wanafunzi wengi wanafika pale vizuri, gari linasogea, wanafurahi, wanainua mguu. Gari linazima baada ya mita moja.

Hatua ya nne: kusimama

Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga breki, na gari likikaribia mwendo wa mtu anayekimbia, kanyaga klachi ili injini isizime. Breki kwanza, klachi baadaye. Ukitanguliza klachi unalifanya gari liwe huru, linateleza mbele na breki inabeba mzigo wote peke yake. Kwa dharura tu, kanyaga zote mbili kwa pamoja na usiwaze kuhusu kuzima. Gari lililozima salama ni bora kuliko gari linalowaka ndani ya duka la mtu.

Hatua ya tano: kupanda na kushuka gia

Toa mafuta, kanyaga klachi hadi chini, hamisha gia, rudisha klachi, rudi kwenye mafuta. Kuanzia gia ya pili hakuna haja ya kusubiri sana kwenye kushika, kwa kuwa gari tayari liko kwenye mwendo.

Kwa gari dogo la kawaida, moja ni ya kuondokea tu, hadi kama kilomita 15 kwa saa. Mbili inafika 30, tatu inafika 45 au 50, nne ni ya 50 hadi 70, tano ni ya barabara kuu. Hizo ni za kuanzia. Baada ya wiki mbili acha kutazama mita, sikiliza. Injini ikilia juu, inaomba gia ya juu. Ikikoroma na gari kutetemeka unapoongeza mafuta, umeipa gia kubwa kuliko mwendo wake, shusha. Kirikuu nyingi nilizoendesha hazina hata mita ya mizunguko ya injini, na sikio linatosha.

Kushuka gia kunafuata mwendo. Punguza kwa breki kwanza, halafu ingiza gia inayolingana na mwendo uliobaki. Ukiingiza mbili ukiwa kwenye 60, injini itapiga kelele ya kutisha na magurudumu yanaweza kuteleza, hasa kwenye mvua.

Ngamiani: shule ya mwendo mdogo

Ukishamudu kiwanja, kaanze Raskazone asubuhi, barabara zina miti na magari ni machache. Halafu nenda Ngamiani. Mitaa yake ya namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea, imekatana kama karatasi ya hesabu, na kila baada ya muda mfupi kuna njia panda. Sijui darasa jingine linalokulazimisha kusimama na kuondoka mara nyingi kiasi hicho ndani ya nusu saa.

Kanuni ya njia panda: ukikaribia, shuka hadi gia ya pili huku bado hujafika. Kama njia iko wazi na una haki ya kupita, unapita kwa mbili. Kama kuna mtu, unasimama na kuingiza moja. Usikatishe kona ukiwa umekanyaga klachi. Gari lenye klachi chini halivutwi wala halizuiwi na injini, linaserereka tu, na hapo ndipo baiskeli inapokuwa imejitokeza.

Baiskeli za Tanga zinastahili heshima. Mzee anatoka sokoni na kikapu cha samaki nyuma, hatazami nyuma yake, na hana kioo. Kaa nyuma yake kwa gia ya pili, au kwa moja ukitumia pale klachi inaposhika kama polepole imezidi, mpaka upate nafasi ya kumpita kwa umbali wa mkono ulionyooshwa au zaidi. Usimpigie honi akiwa karibu, ataangukia upande wako. Bodaboda nao wanapita kushoto na kulia, kwa hiyo kabla ya kukata kona tazama kioo cha pembeni, kisha geuza shingo.

Kwenye kipilefti, anayetoka kulia kwako, aliye tayari ndani, ana haki. Ingia na gia ya pili. Kwenye tuta, shuka hadi mbili, au moja kwa tuta kali, na maliza kubadili gia kabla magurudumu ya mbele hayajaligusa. Vivyo hivyo kwenye reli: chagua gia kabla, vuka bila kuigusa klachi, na usiingie kabla hujaona kwamba upande wa pili kuna nafasi ya gari lako lote. Gari linalozima juu ya reli aghalabu ni la mtu aliyebadili gia pale juu.

Tabia moja ya kuikata mapema ni kupumzisha mguu juu ya klachi. Hata uzito mdogo unaifanya pleti iteleze, inapata joto na kuisha. Utaijua kwa harufu, kama ya gunia au kamba inayoungua. Ukisimama zaidi ya muda mfupi, weka fri, vuta hendibreki, toa miguu.

Rivasi

Haina mengi. Gari lisimame kabisa kabla ya kuiingiza. Zunguka nyuma ya gari kwa miguu uone kama kuna mtoto au kuku. Tumia klachi pekee, bila mafuta au kwa mafuta kidogo sana, na uangalie nyuma kwa macho, si kwa kioo peke yake.

Barabara ya Segera

Ukiwa tayari kutoka mjini, pita Kange, elekea Pongwe na Muheza. Hapa gari linapata gia ya nne na ya tano kwa mara ya kwanza. Ndani ya maeneo yenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na vijiji vya njiani ni vingi, kwa hiyo utapanda na kushuka gia zaidi ya ulivyodhani.

Utakutana na malori ya mizigo ya bandarini na ya saruji. Kumpita lori kwa gari la manyuo kunaanza na gia. Ukiwa nyuma yake kwa 60 kwenye gia ya tano, ukikanyaga mafuta gari halitaitikia. Shuka hadi nne, au tatu kwa injini ndogo, hakikisha barabara iko wazi mbali kuliko unavyodhani unahitaji, ndipo utoke. Usibadili gia ukiwa ubavuni mwa lori. Na kama una shaka, kaa nyuma. Segera haihami.

Mlima

Siku yangu ya mlima ilinikuta kati ya Mombo na Soni. Barabara ile ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na inapanda karibu mita 1,000 kwa kona zilizokunjana, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Basi lililokuwa mbele likasimama kupakia abiria. Nikasimama. Lilipoondoka nikatoa mguu kwenye breki kuifuata pedali ya mafuta, kama nilivyozoea Ngamiani, na kirikuu ikaanza kurudi nyuma. Mjomba alivuta hendibreki kwa mkono wake. Hakunigombeza. Alisema, "Hili ni kosa langu, nilikufundisha nusu." Tulikaa pembeni mwa barabara mpaka mikono yangu ikaacha kutetemeka, kisha akanifundisha nusu iliyobaki.

Ifanye mjini kwanza, kwenye njia zinazoshukia ufukweni upande wa Raskazone, kwa mwinuko mdogo na bila gari nyuma yako:

1. Gari limesimama, hendibreki imevutwa juu kabisa, gia moja imeingia, klachi chini.
2. Ongeza mafuta kuliko ya kwenye tambarare. Mlima unadai zaidi.
3. Rudisha klachi hadi inaposhika. Nyuma ya gari itajivuta chini kidogo, kama inataka kuchuchumaa. Subiri uione.
4. Ukiwa umeshikilia hapo hapo, bonyeza kitufe na shusha hendibreki polepole. Gari halitarudi nyuma. Likirudi, vuta tena na uongeze kurudisha klachi kidogo.
5. Gari likianza kupanda, maliza kurudisha klachi.

Usilizuie gari mlimani kwa klachi na mafuta ukisubiri foleni isogee. Ni njia ya haraka ya kuunguza pleti. Hendibreki imewekwa kwa kazi hiyo. Na ukiwa unapanda, shusha gia mapema, kabla gari halijachoka. Gari likishapoteza mwendo katikati ya kona, kubadili gia kunalisimamisha.

Kushuka

Kuna madereva wanaoshuka milima wakiwa fri, wakiamini wanaokoa mafuta. Tafadhali usiwaige. Gia ikiwa imeingia na mguu ukiwa nje ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inakataa, inalivuta gari nyuma. Ukiwa fri, hakuna kinachokuzuia isipokuwa breki. Breki zikibanwa muda mrefu zinapata moto, zinapoteza kushika, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama sakafuni bila kitu. Hata hesabu ya kuokoa mafuta si sahihi: magari ya sasa yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta hukata mafuta gari linaposhuka kwenye gia, wakati fri injini inaendelea kunywa ili isizime. Wanaozima injini kabisa wanafanya vibaya zaidi, kwa sababu msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito.

Mlima unaoupanda kwa gia ya pili, ushuke kwa gia ya pili. Uiingize juu, kabla mwendo haujakushinda, kwa kuwa ukiwa tayari kwenye kasi gia ndogo ni ngumu kuingia. Breki itumie kwa vipindi: kanyaga kwa uhakika, punguza mwendo, toa mguu ipoe, rudia. Wakati wa masika, majani na udongo vinateleza barabarani, kwa hiyo anza kupunguza mwendo mapema kabla ya kona.

Ukifika Mombo, egesha pembeni, ingiza gia moja, vuta hendibreki, shuka. Sogea karibu na gurudumu la mbele bila kuligusa na unuse. Ukisikia harufu ya kuungua, umeshuka kwa breki kuliko kwa gia. Acha gari lipoe lenyewe, usilimwagie maji, na safari ijayo shuka kwa gia iliyo hatua moja chini ya hiyo uliyotumia leo.